Lari: Usiku Mmoja, Mauaji Mawili

Tigoni, karibu na Limuru, ni nchi ya chai, baridi na udongo mwekundu. Katika miaka ya 1930 mahali hapo paliikera serikali ya kikoloni ya Kenya kwa sababu moja: palikuwa na mashamba ya Wakikuyu yaliyozungukwa pande zote na mashamba ya walowezi wa Kizungu. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipendekeza Wakikuyu hao wahamishiwe Lari, juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, na Tigoni iingizwe katika ardhi ya Wazungu. Wengi walikataa. Luka Wakahangara, mzee mwenye sauti aliyepata kuwa chifu, alikubali, akahama na watu wake, akagawiwa ardhi huko Lari. Waliokataa walitolewa kwa nguvu mwaka 1940 na nyumba zao zikachomwa moto. Tena huko Lari kwenyewe walikuwapo watu waliodai kuwa ardhi aliyopewa Luka ilikuwa yao kabla serikali haijaigawa.

Waliofukuzwa hawakwenda mbali. Baadhi yao waligeuka ahoi, watu wanaolima kwa hisani ya mwenye ardhi. Wengine wakaingia Nairobi kutafuta kibarua. Kwa miaka 13 Luka aliitwa msaliti katika nyumba hizo. Kiapo cha umoja kilipoanza kuenea Ukikuyuni, kikiahidi ardhi na uhuru, watu wa namna hiyo hawakuhitaji kubembelezwa.

Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Mkuu Waruhiu, mtu wa serikali kwa kila hali, alipigwa risasi mchana kweupe nje kidogo ya Nairobi. Wiki mbili baadaye, tarehe 20, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Serikali ilidhani kwamba viongozi wakishawekwa ndani, moto utazimika. Badala yake vijana, walioitwa Mau Mau, wakaingia msitu wa Aberdare na Mlima Kenya, na serikali nayo ikaunda kikosi cha walinzi kutoka miongoni mwa Wakikuyu wenyewe, mahomgadi kama watu walivyowaita. Kuanzia hapo vita vilikuwa na sura mbili: Mwafrika na mkoloni, na Mkikuyu na jirani yake.

Usiku wa 26 Machi 1953 matukio mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Mjini Naivasha, kundi lililoongozwa na Mbaria Kaniu lilivamia kituo cha polisi, likabeba bunduki na kuwafungulia wafungwa 173. Hilo lilikuwa shambulio dhidi ya watu wenye silaha, ndani ya kituo cha silaha, na kwa kanuni yoyote ya vita ninayoijua halina haja ya kuombewa radhi. Huko Lari ilikuwa kinyume kabisa. Mahomgadi wa eneo hilo walikuwa wameitwa mbali kwenda kuangalia maiti iliyokutwa imetundikwa mtini. Wakati wako huko, kwenye saa tatu za usiku, makundi ya watu yakazizingira nyumba zilizokuwa zimechaguliwa: za machifu, za wazee wa baraza, za mahomgadi. Milango ilifungwa kwa nje ili isifunguke. Petroli ikamwagwa juu ya majani ya mapaa, kibiriti kikawashwa. Aliyepenya dirishani alikutana na panga.

Luka aliuawa, na pamoja naye wake zake na watoto. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa doria, waliokufa usiku ule walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Wafu walizidi 70 kwa hesabu ndogo kuliko zote zilizotolewa na serikali, mbali na waliobaki na majeraha ya moto na panga. Na wengi wa wauaji hawakutoka msituni. Walikuwa watu wa Lari na wa iliyokuwa Tigoni, walioijua njia ya kufika kila mlango hata gizani kwa sababu walikuwa wakipita hapo kila siku.

Wapo wanaosimulia Lari kana kwamba dhuluma ya Tigoni inaifuta. Dhuluma ya Tigoni ni ya kweli, nami nimeitanguliza kwa makusudi, kwa maana bila hiyo usiku ule hauelezeki. Lakini kueleza na kuhalalisha ni mambo mawili. Mtoto aliyeunguzwa nyumbani kwa Luka hakuuza ardhi ya mtu. Hakuvaa kofia ya chifu. Aliuawa kwa ajili ya ubini wake tu, na harakati iliyokuwa ikidai haki ya Mwafrika ilimnyima Mwafrika huyo haki ya kwanza kabisa. Wakikuyu wengi waliliona hilo kesho yake tu, na baada ya Lari idadi ya waliojiunga na mahomgadi ilipanda.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wanafunzi wengi wa Kenya hawakuisoma darasani. Mahomgadi waliiona miali ya moto kutoka mbali wakarudi mbio, wakakuta wake zao na watoto wao majivuni. Kabla hakujapambazuka mauaji ya pili yakawa yameanza. Mahomgadi, polisi, polisi wa akiba na askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) walipita katika eneo lile wakipiga risasi na kukatakata kila waliyemshuku, usiku ule na mchana uliofuata. Wengine walikamatwa wakiwa hai na kuuawa mikononi mwa waliowakamata. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua majalada ya kesi za Lari kuliko mtu mwingine yeyote, anakadiria kwamba ukijumlisha mauaji yote mawili, huenda waliokufa walifika 400. Yaani waliouawa na upande wa serikali wanaweza kuwa wengi kuliko waliouawa na Mau Mau, katika tarafa ileile, ndani ya saa chache.

Waandishi wa habari walipelekwa Lari. Walionyeshwa nyumba zilizoungua na maiti za kina mama, na picha hizo zikazunguka dunia. Serikali ikazichapisha katika vijitabu vyake ili kila mtu aone Mau Mau ni watu gani. Picha zilikuwa za kweli. Maiti zilizolala vichakani kwa risasi hazikuandikiwa kijitabu. Zilihesabiwa kama magaidi waliouawa katika msako.

Kisha ikaja sheria. Mahakama maalumu ilifunguliwa Githunguri. Washtakiwa zaidi ya 300 walipandishwa kizimbani kwa makundi makundi kwa mauaji ya kwanza. Mashahidi waliwatambua kwa kusema waliziona nyuso zao katika mwanga wa nyumba zilizokuwa zikiungua. Waliopatikana na hatia walikuwa 136, na 71 kati yao walinyongwa. Naamini baadhi yao walistahili hukumu ya hatia, na naamini pia kwamba katika kesi za makundi namna ile wapo walionyongwa kwa kosa la kuwa jirani. Kwa mauaji ya pili hakuna aliyeshtakiwa.

Katika mjadala wa kulinganisha mauaji ya raia yanayofanywa na serikali na yale ya makundi yenye silaha, watetezi wa serikali hukimbilia haraka kwenye nia. Kundi, wanasema, huchagua kuua wasio na hatia. Serikali huwagusa kwa bahati mbaya tu inapowafuata wenye hatia. Lari inaipa hoja hiyo wakati mgumu. Mahomgadi na polisi wale hawakukosea shabaha. Waliua watu waliowashika. Na huwezi kusema ilikuwa hasira ya siku moja ya watu waliofiwa, ingawa hasira ile ilikuwapo na naielewa, maana miezi mitatu baadaye ikafuata Chuka.

Juni 1953 kikosi cha KAR chini ya Kapteni Gerald Griffiths kiliingia eneo la Chuka, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kikitafuta wapiganaji. Huko askari wakaua watu wapatao 20 wasio na silaha, wakiwamo mahomgadi wa serikali yenyewe. Hapakuwa na nyumba iliyochomwa wala mke wa askari aliyekufa. Familia zililipwa fidia, jambo linaloonyesha kwamba serikali ilijua vizuri waliokufa walikuwa nani. Griffiths alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kifo cha mtu mwingine, akaachiwa; akashtakiwa tena kwa kuwatesa wafungwa, akafungwa. Katika kesi hizo ilidhihirika kuwa alikuwa akiwaahidi askari wake shilingi kwa kila adui aliyeuawa. Kwa wale 20 wa Chuka hapakufunguliwa kesi ya mauaji hata moja. Tume ya Luteni Jenerali McLean ikasikiliza malalamiko dhidi ya jeshi na kwa jumla ikalisafisha.

Wenye kutetea Mau Mau nao wana hoja yao, na ni ya hesabu. Walowezi waliouawa katika miaka yote ya Hali ya Hatari ni 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau, kwa takwimu za serikali, ni kama 1,800. Wapiganaji waliouawa, kwa takwimu hizohizo, ni 11,503, na walionyongwa kwa amri ya mahakama ni 1,090, wengi wao kwa makosa yasiyo mauaji, kama kupatikana na silaha au hata risasi. Weka mizani, wanasema, uone upande upi umelala. Mizani kweli imelala upande wa serikali, wala sioni namna ya kulikwepa hilo. Lakini sikubali kwamba wingi wa maiti za upande mmoja unapunguza chochote kwenye maiti za upande wa pili. Wale waliozidi 70 wa Lari hawapungui kwa sababu serikali iliua maelfu.

Ziangalie tena takwimu zile. Upande wa waliouawa na Mau Mau kuna raia na kuna askari, wametengwa. Upande wa waliouawa na serikali kuna magaidi peke yao. Hakuna safu ya raia. Kati ya watu 11,503 hakuna hata mmoja ambaye serikali ilimwandika kuwa mkulima aliyekuwa akirudi shambani amri ya kutotoka nje ikamkuta njiani, au kijana aliyekimbia kwa woga alipoona bunduki. Aliyeuawa alikuwa gaidi, na uthibitisho wa ugaidi wake ulikuwa kwamba ameuawa. Kundi la msituni linaweza kuua, linaweza kuficha maiti, linaweza kujisifu. Haliwezi kuamua nani ataandikwa raia katika daftari la nchi. Serikali inaweza, na Kenya ya miaka ya 1950 ilifanya hivyo kila wiki.

Hapo ndipo kwangu ulinganisho huu unapopata uzito wake. Mbele ya aliyeuawa hakuna tofauti: panga la jirani na risasi ya askari vinamfikisha mahali pamoja. Mbele ya waliobaki ipo tofauti kubwa. Mjane wa homgadi aliyechomewa nyumba Lari alikuwa na mahali pa kwenda kushtaki. Mjane wa mtu aliyepigwa risasi asubuhi yake angeshtaki kwa nani? Polisi waliotakiwa kumsikiliza ndio waliokuwa pale. Serikali inapoua raia huua pia mlango wa kulalamikia, na hilo ni kosa la ziada ambalo kundi la waasi, kwa ukatili wake wote, haliwezi kulitenda.

Walikuwapo watu wa serikali walioliona hilo. Jenerali George Erskine alipofika kuongoza majeshi mwaka 1953 aliandika amri ya kukataza kuwapiga na kuwadhulumu watu. Arthur Young, aliyeletwa kutoka London mwaka 1954 kuwa Kamishna wa Polisi, alitaka mahomgadi waliotesa na kuua washtakiwe kama mtu mwingine yeyote. Akazuiwa kila upande, akajiuzulu kabla mwaka haujakwisha. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Januari 1955, Baring akatangaza msamaha wa pande mbili: wapiganaji wakijisalimisha hawatanyongwa, na watu wa vikosi vya serikali hawatashtakiwa kwa yale waliyoyatenda hadi siku hiyo. Kwa tangazo hilo mauaji ya pili ya Lari yakazikwa rasmi. Wale 71 walikuwa wameshapita kitanzini.

Kuna vifo vingine vigumu zaidi kuvipima. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja waliondolewa katika maboma yao na kukusanywa katika vijiji vipya zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Wanawake walichimba mahandaki hayo kwa kulazimishwa, wakarudi jioni, na muda wa kwenda shambani ulikuwa umekwisha. Njaa na maradhi vikaingia. Mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alipozilinganisha sensa za Kenya alikadiria kuwa Wakikuyu kama 50,000 walikufa zaidi ya ambavyo wangekufa katika miaka ya kawaida, na karibu nusu yao ni watoto walio chini ya miaka 10. Hakuna aliyekusudia mtoto fulani afe. Afisa aliyetia saini amri ya kijiji hakushika panga. Je, yeye ni bora kuliko aliyeifunga milango ya Lari? Nia yake haikuwa ileile, nakubali. Lakini aliyefunga mlango alitenda kwa usiku mmoja, na ofisi ile ilipokea ripoti za watoto wenye utapiamlo mwezi baada ya mwezi, ikaendelea. Anayeona matokeo ya tendo lake kwa miezi na asiliache hawezi tena kujificha nyuma ya bahati mbaya.

Hola ilikuja mwisho, wakati vita vilikuwa vimekwisha. Dedan Kimathi alikuwa amenyongwa Februari 1957, msitu ulikuwa kimya. Katika kambi walimozuiliwa washukiwa wa Mau Mau walibaki wachache waliokataa kukiri kiapo. Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alikuwa amemwandikia Baring mwaka 1957 kueleza mipaka ya kisheria ya kuwapiga wakaidi hao, na akaonya kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, wanaume 85 walitolewa kwenda kufanya kazi ya shamba kwa mpango ulioandikwa na afisa wa magereza John Cowan: wakikataa, watalazimishwa. Walinzi wakawapiga kwa virungu kwa saa kadhaa. Watu 11 wakafa. Serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Uchunguzi wa maiti ulikanusha. Usiku wa 27 Julai 1959 jambo hilo likajadiliwa katika Bunge la Uingereza, na hotuba iliyouma zaidi ilitolewa na mbunge wa chama kilichokuwa madarakani, Enoch Powell, mtu ambaye baadaye angejulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji weusi. Alisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani kwake na kingine Afrika. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Hola. Ulinganishe na Lari: hapo 71 kwenye kitanzi, hapa hakuna hata kesi, na Hola hapakuwa na giza, wala moto, wala umati. Kila mlinzi alikuwa kwenye orodha ya mshahara.

Kenya huru haikuwa na haraka ya kufungua haya. Kenyatta aliwataka watu wasahau yaliyopita. Sehemu kubwa ya waliorithi ofisi na mashamba walikuwa wa upande wa mahomgadi, na Mau Mau waliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Waingereza nao waliondoka na karatasi zao. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London walipokuwa wakipigania kesi yao, ilibidi serikali hiyo ikiri kwamba ilikuwa na majalada ya makoloni yaliyofichwa huko Hanslope Park, yakiwamo yapatayo 1,500 ya Kenya. Mmoja wa wazee waliofungua kesi hiyo alikuwa amenusurika kipigo cha Hola. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni, akaeleza masikitiko na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018 kwa sababu muda mrefu ulikuwa umepita. Fidia ya 2013 iliwahusu walioteswa waliokuwa hai. Waliopigwa risasi Lari asubuhi ya 27 Machi hawakuwamo katika hesabu yoyote.

Huko Lari wenyeji wenyewe walianzisha makumbusho madogo ya amani, ili familia za Mau Mau na za mahomgadi zikutane na kusikilizana. Wametangulia mbele ya serikali mbili.

Naiomba serikali ya Kenya ifanye jambo moja ambalo halihitaji idhini ya London. Iandike majina ya wote waliouawa Lari, wa usiku na wa kesho yake, katika orodha moja, kila jina na aliyemuua: Mau Mau, homgadi, polisi, askari wa KAR. Wapo bado watu wa Lari waliokuwa watoto mwaka 1953. Waulizwe sasa, wakiwa hai.